Muuza Spika Aliyetugeuza Tuangalie Ukuta

Habari zilinikuta kwa kinyozi, nikiwa nimenyolewa upande mmoja tu wa kichwa. Yule mzee aliyekuwa akiuza spika za stirio hapa Nyeri, kwenye duka jembamba karibu na kituo cha mabasi, amefariki, na amezikwa kwao Timau, kando ya mashamba ya ngano. Kinyozi alisimamisha mkasi hewani, akauliza kama nilikuwa ndugu yake. Hapana. Nilikuwa mteja wake, tena mteja wa mara moja. Lakini nina jambo la kusema juu yake, na leo safu hii ni yake.

Ukiwa na haraka hungeweza kununua kwake. Ukiuliza bei, yeye anakuuliza unasikiliza nini. Ukijibu "muziki", anakurudisha nyumbani ukalete santuri zako mwenyewe. Ukizileta, anakukalisha kwenye kiti na kukugeuza uangalie ukuta, kisha anazipiga kwenye spika hizi, halafu hizi, halafu zile, bila kukuambia ni zipi. Msimu ule kahawa ilipolipa vizuri aliingia mkulima mmoja mwenye koti jipya, akanyoosha kidole kwenye makasha mawili marefu kama kabati.

"Nipatie hizo."

"Santuri zako ziko wapi, mzee?"

"Santuri ni ya nini? Mimi nataka ile jirani ataona akipita."

"Basi nunua ng'ombe wa gredi. Huyo ataonekana mpaka barabarani."

Mkulima alicheka, na kesho yake akarudi na santuri tano, zote za kodiani. Akiwa ameangalia ukuta, alichagua spika ndogo kuliko zote dukani. Alipogeuka na kuziona alishangaa, "Ati ni hizi?" Mzee akamweleza kwamba zile ndefu ni za mtu anayetaka ngoma imgonge kifuani, kodiani inataka spika isiyoongeza maneno yake. Mkulima alizibeba hizo ndogo, moja kila kwapa, huku akitikisa kichwa.

Mimi niliishia darasa la saba, nafanya kazi kwenye duka la mbao, na kila ndoto yangu ina gitaa ndani yake. Nilimpelekea santuri zangu za mtu mmoja na gitaa lake, zile ambazo ukikosa maneno umekosa wimbo. Mbele ya ule ukuta, masikio yangu yalichagua jozi ya wastani, safi kiasi kwamba unasikia kidole kikiteleza kwenye waya. Ilinichukua miaka miwili kuinunua. Nikaipeleka nyumbani Skuta, ninakoishi na mama.

Wiki ya pili sauti ikawa nzito, kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. Sikurudi dukani kuuliza. Jumapili, uwanjani Ruring'u, nilisimama na kutangaza mbele ya jukwaa zima la watazamaji, "Yule mzee ameniuzia masanduku ya viazi!" Watu walicheka, nami nikanogewa, nikarudia. Nyuma yangu alikuwa amekaa mwalimu wa kwaya, ambaye mzee alikuwa amemwagizia kutoka Nairobi spika za bei kubwa kuliko zote alizowahi kuagiza. Kesho yake mwalimu akaenda kuzikataa. Duka jembamba vile, likikwama na jozi kama hiyo, linafungwa.

Mzee hakuja kwetu na ugomvi. Alikuja na bisibisi mfukoni, na hakuitoa. Mama alikuwa amefuma vitambaa viwili vizito, vyeupe, vyenye maua, akazifunika spika kutoka juu mpaka chini, kama alivyofunika makochi na redio. Nilikuwa nikiviona kila siku, nikijua ni urembo tu. Mzee alishika pindo la kimoja.

"Mama, hii umefuma siku ngapi?"

"Wiki nzima, fundi. Vumbi ya Skuta haina huruma."

"Mkono wako ni mzuri sana. Sasa niambie, ukienda kuimba kanisani unajifunga leso mdomoni?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akavitoa mwenyewe. Santuri ilipopigwa aliinua kidole. "Kumbe huyu anamwimbia mama yake? Siku hizi zote nilidhani anauza kitu!"

Tangu tupate uhuru, wengi wetu tumepata pia sebule, na tumejaza ndani yake vitu vya kuangaliwa. Sioni ubaya, mama yangu alilala chini miaka mingi kabla ya kufunika kochi lake mwenyewe. Lakini mzee yule alikuwa na imani kwamba mkulima wa kahawa na kijana wa mbao wana masikio mazuri kama ya mtu yeyote, mradi macho yapumzishwe kidogo. Ninaamini hivyo pia.

Siku ile, akiwa mlangoni, mzee alinitazama, akasema tu, "Kwaya inafanya mazoezi Jumatano."

Nilikwenda. Nilimvuta mwalimu kando, nikaanza kumweleza polepole. Akanikatiza. "Kijana, uwanjani ulikuwa na sauti kubwa. Mbona leo unanong'ona?" Akanisimamisha mbele ya kwaya nzima. Nikasema spika zilikuwa nzima, zilizibwa tu na vitambaa vya mama, na kwamba mimi ndiye niliyeshindwa kuuliza. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akauliza, "Na hivyo vitambaa ni vya uzi gani?" Kanisa likaangua kicheko. Wiki hiyo hiyo kwaya ilichukua spika zake, na duka likabaki wazi mpaka mwezi uliopita.

Tangu siku hiyo najua kwamba ukimlaumu mtu mbele ya umati, huwezi kumsafisha pembeni kwa kunong'ona. Na waliokuwa jukwaani siku ile hawakuwa wote kwenye kwaya. Basi nyinyi mliocheka nami Ruring'u, sikieni, nasema kwa sauti ile ile: spika za mzee yule zilikuwa nzuri, na alinisaidia kuchagua vizuri.