Alama Shingoni mwa Ngamia

Watu wa mtaa wa Iftin wakikuambia Samsam Abdinur ni mkaidi, hawakosei. Alifundisha Garissa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mwanafunzi aliyepita mikononi mwake bila kuijua kwa moyo hadithi ya ngamia aliyepotea, iliyoandikwa na marehemu mumewe, Maalim Salah.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mwaka wa ukame, babu yake Salah aliokota ngamia jike wa watu wa Eldas. Akamtunza miaka minne, kisha akamrudisha kwa wenyewe pamoja na ndama wake wawili. Ndiyo heshima ya ukoo mpaka leo.

Alipostaafu, Samsam aliona haya hadithi hiyo kuzunguka mjini kwa fotokopi zilizofifia. Akaamua itoke kitabu cha kutunzwa: nakala arobaini, herufi za risasi zilizopangwa moja moja, karatasi nene, jalada la ngozi ya mbuzi kutoka Balambala, na picha sita za kuchongwa kwenye mbao. Mchongaji alikuwa Idman, mwanafunzi wake wa zamani. Mashine kuukuu ya kuchapia kwa mkono iliwekwa sebuleni, makochi yakahamia uani.

Picha ya mwisho, ngamia akirudishwa kwao, ilikuwa imeshachapwa na kukauka Mursal alipopita kunywa chai. Huyu ni mdogo wake marehemu, mchungaji wa ngamia asiyewahi kukalia dawati. Aliinua karatasi moja, akaitazama, akaguna.

"Dumaashi," akamwita shemeji yake, "kumbe tulimwiba?"

"Astaghfirullah! Nani kamwiba nani, shemeji?"

"Tazama shingo. Alama yetu na yao ni moja, kijiti na nukta. Lakini wao huchoma moto upande wa kushoto, sisi kulia. Huyu kachomwa kulia. Picha yenu inasema babu alimtia alama yake kwanza. Wallahi, ninyi wasomi!"

Idman akashika kichwa. Alikuwa amemchonga ngamia akielekea kushoto, akasahau kwamba picha ya ubao hutoka imegeuka.

"Mwalimu, alama ni ndogo kama kucha," akasema kwa unyonge. "Na karatasi iliyobaki haifiki nakala arobaini. Nani ataona?"

"Eldas nzima itaona."

Samsam akazichana zile picha, moja baada ya nyingine, mbele yao. "Chonga upya. Zitoke zitakazotoka."

Zilitoka nakala kumi na tisa.

Siku ya uzinduzi, ukumbi ulijaa. Samsam alikuwa amemwalika Abdilatif wa Eldas, mjukuu wa mwenye ngamia, mzee asiyejua herufi hata moja. Wageni walisifu ngozi, wakasifu maandishi. Abdilatif alifunua kurasa taratibu mpaka picha ya mwisho, akaweka kidole shingoni mwa ngamia.

"Huyu ni wetu," mzee akasema, sauti ikafika hadi mlangoni. "Na hawa ndio waliomrudisha."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mursal akamwinamia Idman. "Umemwona aliyeona?"

Samsam akaiweka sawa garbasaar yake mabegani, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa. Nakala namba moja alikuwa ameiweka kwa ajili ya kabati lake mwenyewe. Haikulala Iftin. Jioni ile ilikwenda Eldas, kwa wenye ngamia.