Jiwe Lilihamishwa, Namba Ikabaki

Kabla sijashika ufagio nilishika rula. Si rula ya mwanafunzi. Ni ile ndefu ya wapima ardhi, mita nne, yenye namba nyeusi na nyekundu. Unaisimamisha wima huku mpimaji akikuchungulia kwa darubini kutoka ng'ambo. Miaka tisa nilisimama juani kama mlingoti. Darasani sikuingia hata siku moja, lakini namba nilizijua kwa kuzishika, na herufi nilizifuata baadaye, moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

Mpimaji aliyekuwa akinichungulia alinioa. Alipopata kiti cha ofisini akaona haya kula meza moja na mshika rula, akachukua mwenye vyeti. Mimi nikaachiwa nyumba ya marehemu mama, ambayo hata hivyo haikuwa yake kuniachia, na kazi ya usafi katika jengo lile lile ambalo sasa yeye ndiye Mkuu. Kila asubuhi namfutia meza. Ananiambia, "Habari za kazi, mama," kana kwamba tumejuana jana.

Mwaka mmoja ofisi ilipewa kazi ya kukusanya vipimo vya mwinuko vya jimbo zima na kuviingiza kwenye kompyuta, ili programu ya ramani ionyeshe maji yatafika wapi mto ukifurika. Alikabidhiwa fundi mmoja tuliyemwita Miwani, mtu asiye na mtu, anayekula mkate mkavu mbele ya skrini. Alikuwa na vipande vya ramani mia mbili na kumi na sita. Karibu vyote vilitoka satelaiti. Upande wetu wa mji tu, kwa kuwa ulipimwa zamani kwa miguu, waliamua kutumia vipimo vile vya ardhini, eti ndivyo sahihi zaidi. Kutwa alikuwa akivishona ubavu kwa ubavu kama fundi cherehani, akiziba matundu, akihangaika na mafaili yaliyokataa kufunguka.

Kisha mgambo wakapita mtaani kwetu na rangi nyekundu, wakachora X kwenye kila ukuta. Ramani ya kwanza ilikuwa imetoka, na mtaa wote ulikuwa chini ya maji. Tulipewa miezi mitatu tuhamie viwanja vipya nje ya mji.

"Maji yamewahi kufika hapa lini?" nilimuuliza jirani yangu, Mama Pacha. "Hata mvua ile iliyobeba daraja, yaliishia sokoni."

"Dada, kompyuta imesema. Kati yako na kompyuta, mjinga nani?"

"Atakayehama kwanza."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Wiki hiyo hiyo akaanza kung'oa mabati.

Mimi nilikuwa sina pa kwenda wala wa kwenda naye. Nyumba ile ndiyo kitu pekee duniani ambacho hakuna aliyenipa kwa masharti.

Siku moja, nikifagia chini ya kiti cha Miwani, niliinua macho nikaona skrini. Jimbo limepakwa rangi, kijani mabondeni, kahawia milimani. Kandokando ya mtaa wetu palikuwa na mstari ulionyooka kama ukingo wa meza.

"Hapa pana genge, ardhi inakatika ghafla?" nikamuuliza.

"Hapana genge, mama. Ni mshono. Vipande viwili vimekataa kulingana. Nitaulainisha, programu ina dawa yake, hautaonekana."

"Ukipaka jipu poda, limepona?"

Akavua miwani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinitazama usoni.

Nikamweleza. Vipimo vyote vya upande wetu vilianzia kwenye jiwe la alama lililokuwa kando ya barabara. Mwinuko wa jiwe hilo umeandikwa vitabuni, na kila mpimaji huanzia hesabu yake hapo. Barabara ilipopanuliwa, wajenzi waliling'oa. Hawakuwa watu wabaya. Waliona ni jiwe la serikali, wakaliheshimu, wakalisimika tena kwa saruji juu ya tuta jipya, likasimama vizuri kuliko mwanzo. Jiwe likapanda, namba yake vitabuni ikabaki ile ile ya chini. Siku tulipolianzia, rula ikiwa mikononi mwangu, nilimwambia mume wangu kwamba jiwe hili halikuwa hapa. Akanijibu, "Shika rula, nyamaza." Nikashika, nikanyamaza. Upande mzima wa mji ukashushwa vitabuni, na nyumba ya mama ikiwemo.

"Nani shahidi?" akauliza Miwani.

"Mimi."

"Wewe humo kwenye kitabu cha vipimo. Nimekisoma chote. Lipo jina la mpimaji tu."

Hilo nilikuwa silijui. Miaka tisa.

Jumamosi alichukua darubini stoo, nami nikachukua rula. Tulianzia jiwe jingine, lililojengewa ukutani mwa hospitali ya zamani, ambalo hakuna aliyeligusa, tukaenda kituo kwa kituo hadi kwenye tuta. Mikono ilikumbuka. Kila kituo niliiinamisha rula mbele na nyuma taratibu, ili asome namba ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo ya rula iliyosimama wima. Hakuna aliyekuwa amemfundisha Miwani jambo hilo. Alipiga hesabu mara mbili.

"Jiwe limekaa juu ya namba yake kwa mita moja na sentimita themanini na nne."

"Urefu wa mwanamume," nikasema. "Na yule mume wangu alikuwa anajivunia urefu."

Jumatatu tukaingia kwa Mkuu.

"Nani alikutuma upime upya?" akamuuliza Miwani.

"Mimi," nikajibu.

"Mama, kazi yako hapa ni..."

"Kazi yangu ilikuwa kushika rula na kunyamaza. Rula nimeirudisha stoo."

Akaitazama karatasi ya hesabu zetu, amebana mdomo wa chini. Najua anavyotazama namba iliyomshinda. Nilikaa naye miaka sita. Akaiweka karatasi kwenye droo, ikakaa humo wiki tano, halafu akatia sahihi. Ripoti iliandikwa "marekebisho ya kawaida." Jiwe halikutajwa, wala yeye, wala mimi. Miwani alikiongezea kile kipande mwinuko wake, mshono ukatoweka bila kulainishwa, na mtaa wetu ukatoka majini.

Mgambo wakarudi na chokaa kufuta alama. Walifuta kwangu tu. Kuta nyingine zilikuwa hazina milango wala paa, wenyewe wameshahama, wakaona ni kuharibu chokaa.

Nikampigia simu Mama Pacha.

"Rudi, shoga yangu. Ramani imerekebishwa. Kwako ni pakavu."

"Hata huku ni pakavu, dada."

"Kuta zako bado zimesimama."

"Kuta bila bati ni zizi. Watoto wameshaanza shule huku. Na wewe, kama ulijua, mbona hukusema mapema?"

"Nilisema."

"Kwa nani? Mimi hukuniambia."

Nikahamishia simu sikio la pili. Akasema haya, siku nikipita huko nikaribie chai. Huko ni mwendo wa nusu siku.

Nilipokata simu nikafua. Nikaanika nguo zangu tatu kwenye kamba iliyokuwa ya mtaa mzima, nikaziachanisha mbalimbali ili kamba ionekane imejaa.