Vifungo vya Nyapara

Ipo siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa sababu mimi niko darasa la nane na wewe la sita, na likizo ijayo utakalia kiti changu pale zahanati, upande wa Lanet, kumwandikia daktari wa Kizungu maneno ya wagonjwa. Kwa hivyo mimi ni mzee wako. Kaa chini.

Siku hiyo alikuja Mama Wambui kutoka shamba la ngano, ana kidonda mguuni na homa kali. Akaniambia, "Andika hivi: mwaka jana vifungo vya nyapara vilinivimbisha uso mpaka mtoto wangu akanikimbia."

Vifungo! Ndivyo walivyoita kule shambani vidonge vinene vyeupe alivyogawa nyapara, maana vinafanana na vifungo vya koti. Mimi, msomi, nikaona haya kumpelekea Mzungu neno la shambani. Nilikuwa najua jina moja tu la kidonge cheupe. Nikaandika kwa mwandiko wa kupendeza: "Aspirini ilimvimbisha uso." Hata nikajipongeza.

Daktari akasoma, akamnyima aspirini, akamwandikia vidonge vya salfa, dawa ya vidonda.

Sasa, Mzee Okelo, dresa anayegawa dawa, ana tabia moja ya kuchosha: hampi mtu dawa kabla hajamsomea karatasi yake. Nilizoea kumwigiza ili foleni icheke.

"Mama, aspirini ilikuvimbisha uso?"

"Huyo aspirini simjui, baba. Mimi nilisema vifungo." Akafungua fundo la leso, akatoa kimoja alichobakiza. Okelo akakiweka kando ya vile alivyokuwa karibu kumpa. Mapacha. Salfa kwa salfa.

Foleni ilinitazama nichekeshe. Sikuweza.

"Wewe, profesa," Okelo akasema taratibu, "mama amekupa neno lake, wewe umemwibia."

Akamrudishia daktari karatasi; daktari akabadilisha dawa, akaagiza sindano ya penisilini. "Mimi sina neno," Mama Wambui akasema, akininyooshea kidole, "ila hiyo sindano mngempiga huyu."

Basi nasaha ni hii. Mgonjwa akisema vifungo, andika vifungo. Jina la dawa usilolijua liachie nafasi, kamuulize Okelo, hata kama atakuita profesa mbele ya watu. Kisha msomee mwenyewe maneno yake kabla karatasi haijatoka mkononi mwako. Mama Wambui alipona, na kila tukikutana husema, "Habari, Aspirini?" Nimelizoea jina hilo. Lina heshima kidogo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio mapana na kalamu isiyo na kiherehere, na wagonjwa wako warudi nyumbani na sura zao zilezile.