Mtegemezi wa Nyumba Yangu

Chekeni, sijali. Mtu wa kushinda nyumbani kama mimi nilitoka kwenda mkutano wa kijiji chetu cha Daudi, kwa sababu serikali ilikuwa inatoa ruzuku kwa kaya zenye watoto, na wanangu wawili hawakuwa na sare za shule.

Afisa akatangaza, “Wategemezi wapite mbele tuwaone.”

Nikaelewa anawaita wanaotegemewa. Nikapita kifua mbele, nikajipanga katikati ya watoto wenye makamasi.

“Baba, na wewe ni mtegemezi?” afisa akaniuliza.

“Tena wa nyumba nzima!”

Watu wakapiga kelele nikae. Nikagoma.

Ndipo mke wangu, ambaye vitunguu saumu vyake ndivyo vinavyotulisha sote, akainuka. “Afisa, mwandike tu. Leo amesema kweli.”