Jina la Kuitiwa Kaburini

Fundi wa feni hakuwa mtu wa kukaa akatulia, hata ungempa kiti cha enzi. Tangu apate akili mikono yake ilikuwa kazini: feni, pasi, redio, blenda, chochote kilicholetwa kibandani kwake kimya kikaondoka kinapiga kelele. Wateja walimpachika jina la Tulia, maana ndilo neno alilowagawia wote. "Tulia mama, hii inapona." Iwe imeungua koili, iwe imetumbukia chooni, jibu lilikuwa hilo hilo. Ahadi zake nyingi zilikuwa za uongo, lakini feni zilizunguka mwishowe, na watu wakamsamehe.

Sasa zamu ya kuambiwa atulie ilikuwa yake, na hakuweza. Daktari alikuwa amemwona na uvimbe tumboni, akataka ampasue wiki inayofuata, akaongeza kwa upole kwamba wengi hutoka salama. Wewe mwambie mtu kwamba wengi hutoka salama, uone kama atawaza kingine zaidi ya wale wachache.

Na wiki hiyo hiyo akafa muuza mkaa wa mtaani. Fundi alikwenda kuzika. Kaburi lilipofukiwa, mwalimu wa madrasa, rafiki yake tangu utoto, alichuchumaa upande wa kichwa amsomee marehemu talkini, yaani amkumbushe majibu ya kuwapa malaika Munkari na Nakiri watakapomjia kumuuliza nani Mola wako, nani Mtume wako. Sasa talkini huanza kwa kumwita maiti kwa jina lake na la mama yake. Mwalimu akauliza, "Mama yake nani?" Lo, hapo ndipo aibu ilipoanza. Mtoto mkubwa alisema bibi yao aliitwa Bi Kibatari. Wa pili akasema hilo la utani. Wa tatu akasema Bi Kibatari alikuwa wa kambo, aliyemzaa baba yao ni mwingine kabisa. Wakabishana juu ya udongo mbichi, watu wazima na ndevu zao. Mwishowe mwalimu akamwita marehemu mwana wa Hawa, kwa kuwa Hawa ni mama wa wote, akamaliza shughuli.

Fundi alirudi kibandani pamoja na mwalimu, moyo ukabaki makaburini.

"Sasa yule amesikia kweli?" alimuuliza mwalimu. "Wana wa Hawa tuko wangapi? Nenda sokoni uite hivyo, uone nani atageuka."

"Mungu anamjua mja wake. Kinachojibu mle ni amali, si masikio."

"Amali zangu unazijua."

"Ndiyo maana kila siku nakwambia utubu."

Mwalimu alicheka, fundi hakucheka. Alikuwa anajiona kwenye mwanandani, ubavu chini, ardhi imembana, malaika wamesimama wanasubiri, na huko juu anaitwa mtu mwingine. Akafungua feni ya mteja, akaifunga, akaifungua tena. Skrubu zikabaki kiganjani asijue zimetoka wapi.

Hofu yake haikuwa ya bure. Mama yake alifariki yeye hajaanza hata kutambaa, na aliyemlea ni Mama Mdogo, mdogo wake marehemu. Huyo naye hakuwahi kumtaja marehemu ila kwa neno moja tu: Dada. Dada alikuwa hivi, Dada alipenda vile. Wazee wengine wote walikwishatangulia. Kama kulikuwa na mtu wa kulijua jina kamili, ni Mama Mdogo, na miaka ilikuwa imekwenda.

Jioni wakamwendea, yeye na mwalimu. Walimkuta barazani anachambua mchele.

"Kwani unakufa?" akauliza, baada ya kuisikiliza haja yote.

"Napasuliwa, Mama Mdogo."

"Kupasuliwa si kufa. Hata tikiti linapasuliwa."

"Na likishapasuliwa linaliwa."

Mama Mdogo alizoea kucheka maneno kama hayo, safari hii hakucheka. Vidole viliendelea kupita kwenye ungo, ila sasa vilikuwa vinatupa mchele na kuacha mawe. Kisha akataja jina la dada yake na la baba yao. Mwalimu akalirudia kwa ile sauti yake ya makaburini, ajizoeze, akamwita fundi mwana wa yule marehemu. Alipolirudia tena, Mama Mdogo aliweka ungo chini.

"Basi, inatosha. Mtu haitwi kaburini ilhali yuko barazani kwangu anapumua."

Akaingia ndani, na hakutoka kuwaaga. Fundi alidhani wamemkumbusha msiba wake. Jina alikuwa amelipata, lakini raha aliyoitarajia haikuja.

Kesho yake asubuhi Mama Mdogo alitokea kibandani, yeye ambaye magoti yalishamkataza hata kwenda dukani. Alisubiri mteja aondoke na pasi yake. Alikataa kiti.

"Lile jina si lako," alisema. "Dada aliolewa, asipate mtoto. Mimi nikapata kabla ya ndoa, na mwanamume mwenyewe akaingia mitini. Wazee wakanificha kwa shangazi hadi ukazaliwa, wakampa Dada, wakatangaza amejifungua. Alipofariki wakaniambia nikulee, lakini kama mama mdogo. Nikakubali. Ningekubali hata niitwe yaya."

Chuma cha kulehemu kilikuwa kinafuka mkononi mwa fundi. Hasira zilimpanda, hasira za kweli. Utotoni alikuwa akimuuliza mama yake alifananaje, na huyu huyu akimjibu, "Alikuwa mzuri kuliko mimi."

"Uliogopa nini miaka yote hii?"

"Watu. Na watu wenyewe wote wako huko chini, wanaulizwa ya kwao. Nilikusudia na mimi niende na siri hii. Lakini jana mwalimu alipokuita kwa Dada, nilikuona umelala mle, unaitwa na huitiki, maana anayeitwa si wewe. Na mimi ninajua, nimekaa nachambua mchele." "Kunisamehe au kutonisamehe tutaongea ukitoka hospitali. Leo mpigie mwalimu tu."

Fundi alizima chuma, akajifuta mikono, akapiga simu. Mwalimu alikuwa darasani, watoto wanasikika wakikariri nyuma yake.

"Lile jina la jana liache," fundi alimwambia. "Si lenyewe."

"Haya. Nikuite mwana wa nani?"

Fundi alimtazama mwanamke aliyesimama mbele yake ameshika nguzo ya kibanda. Tangu ajue kusema alimwita Mama Mdogo, na kwa kuwa yeye alimwita hivyo, mtaa mzima nao ukamwita hivyo.

"Mama," alisema, simu bado iko sikioni, "jina lako nani?"