Upande wa Pili wa Lori

Siku tulipoandika lori la kijiji naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nusura mdomo wangu umnyime kazi mtu aliyenilea.

Shule niliiacha mapema. Herufi nilizijua kwa macho na kwa mkono, nikimfuata Ta Kato, fundi wa mabango wa Kahororo, pale Bukoba. Mzee huyu alikuwa amebuni herufi zake mwenyewe: nene, hazina vikia wala madoido, zote zimeinamia kulia kama watu wanaopanda mlima na mikungu ya ndizi kichwani. Ukiziona kwa mbali, unaona kitu kinakwenda. Na aliyezisema vibaya, alinisema mimi.

Sasa kijiji kimoja cha ujamaa kule Muleba kilipata lori, kikatuita tuliandike TWENDE MBELE ubavu huu na huu. Likipendeza, duka na zahanati pia tungeandika sisi. Ta Kato hakuwa na kazi nyingine mwaka ule.

Tulimaliza mchana, mwenyekiti akiwa njiani kuja kulipokea. Akapita Ma Koku, mjumbe wa kamati, jembe begani. Akasimama upande wa kushoto, akacheka.

"Waitu, jamani, maneno yanasema mbele, mbona herufi zinakimbilia nyuma?"

Nikawaka. "Mama, wewe kalime! Herufi za mzee wangu zinajulikana Bukoba nzima!"

"Zijulikane tu. Huku zimeegemea nyuma kama mlevi anayevutwa shati."

Nikatupa brashi, nikafoka kweli kweli, nikitegemea Ta Kato aniunge mkono. Yeye akanishika sikio, mimi na ndevu zangu, akanizungusha lori lote. Upande wa kulia herufi ziliinamia kwa dereva, lori kama linataka kuruka. Upande wa kushoto, herufi zilezile, mwinamo uleule, ziliinamia nyuma kwenye mizigo.

"Unanipenda, nimeona," akasema. "Lakini ungeniacha niaibike, ilimradi umeshinda maneno. Mwombe mama radhi, kisha ulete mafuta ya taa."

Rangi ilikuwa bado mbichi, Mungu ni mwema. Nikaomba radhi, tukaifuta ya kushoto. Ta Kato akakilaza kijiti chake cha kupimia mwinamo kielekee kwa dereva, akachora upya, mimi nikijaza rangi. Ma Koku akatushikia kopo, akinitania: "Leo nani analima?"

Mwenyekiti alipofika akaliangalia lori kushoto, akazunguka kulia, akarudi tena kushoto. Sisi hata kupumua hatupumui.

"Linakwenda hili," akasema. "Duka mnaanza lini?"

Nilikaa chini kwenye majani, nikacheka peke yangu.

Basi wewe uliyerithi ulimi wangu, umpendaye mtetee, sikukatazi. Ila kabla hujafoka, zunguka kwanza. Kasimame pale aliposimama anayelalamika, uone anachokiona. Ukikuta kasema kweli, mshukuru upesi, rangi ikiwa bado mbichi. Mungu akupe watu wa kukushika sikio mapema, na wewe akupe moyo wa kukubali kuzungushwa.