Mume Aliyenisoma Meno

Mume wangu hakununua ng'ombe bila kumfungua mdomo. Mnadani alivuta mdomo wa chini, akachungulia, akatoa hukumu: huyu bado mchanga, huyu amezaa mpaka amechoka, huyu mzee, meno yamerefuka, mrudishe kwenu. Kwa hiyo asubuhi moja aliponikodolea macho nikicheka, nilijua kuna neno.

"Mama watoto," akasema, "meno yako yamerefuka."

Loo! Mimi, niliyejulikana kijiji kizima cha ujamaa kwa meno meupe! Nikamrushia mwiko, akaukwepa. Lakini nilipojitazama kwenye kioo, alikuwa kasema kweli. Fizi zilikuwa zimepanda, na kwenye shingo za meno palikuwa na vijibonde ambavyo ukucha uliingia.

Nikafanya kile ambacho mama yangu angefanya: nikazidi kusugua. Majivu ya jikoni, mswaki mkavu wa mti, huku na huku kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Kwetu mwanamke mwenye meno machafu aliitwa mvivu, na mimi uvivu sikuuweza.

Cha moto nilikiona kwenye shamba la kijiji. Tulikuwa tunapalilia, maji ya kisima yakapitishwa kwa kata, nikapiga funda moja. Mama yangu! Baridi ilitoka jinoni ikafika kisogoni. Jembe likaenda huku, kata ikaenda kule. Jirani yangu Mjaluo, ambaye meno yake ya mbele ya chini yaling'olewa kwa mila yao tangu usichana, alicheka mpaka akakaa chini.

"Njoo kwetu dada, tukung'oe," akasema. "Pengo haliumi!"

Wengine wakacheka, mimi sikucheka. Nyumbani mume naye alikuwa ameshaamua: twende hospitali Tarime wayang'oe, niache kulialia. Koleo sikuliogopa. Niliogopa kuwa kibogoyo na mtoto bado ananyonya. Meno yale ndiyo niliyomchekea huyo huyo bwana siku aliyokuja kwetu kuposa, leo ayaache kwenye bakuli la hospitali? Hata hivyo tukaenda.

Daktari wa meno akaniuliza nasugua kwa kitu gani. Majivu, nikajibu. Akanipa kijiti nimwonyeshe. Nikaonyesha kwa moyo wote, mpaka akanishika mkono.

"Mama, unapiga mswaki au unapasua kuni?"

Mume wangu alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

"Meno hayajarefuka," daktari akaendelea. "Fizi ndizo zimekimbia, na anayezifukuza ni wewe. Zilizokwenda hazirudi. Ila ukiacha majivu, mswaki ukaupondaponda mpaka ulainike, ukaupitisha taratibu kutoka kwenye fizi kuja nchani, na ukasukutua maji ya chumvi ya vuguvugu, meno haya utazikwa nayo."

"Kwa hiyo hung'oi?"

"Ning'oe nini? Meno mazima haya!"

Nikamgeukia mtaalamu wangu wa mnada. Alikuwa anatazama dari.

Niliyaacha majivu, na weupe ukapungua. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Na huo mswaki laini ulinishinda, maana mimi na subira hatujawahi kuelewana. Asubuhi moja nikasikia ko-ko-ko nyuma ya nyumba. Kumbe mume wangu amechuchumaa, anaponda kijiti juu ya jiwe, anakijaribu kwenye mgongo wa mkono wake, anaponda tena.

"Lete mdomo," akasema.

"Kwani mimi ng'ombe?"

"Nani anampondea ng'ombe mswaki?"

Tangu siku hiyo mswaki wangu aliuponda yeye. Maji ya kisima nikayanywa tena, polepole, kwa upande mmoja.

Sasa tumezeeka. Meno yangu yapo, marefu na ya njano. Yake yamekwisha, na nyama yake naiponda mimi kwenye kinu. Juzi nilimshika kidevu, nikavuta mdomo wa chini, nikachungulia.

"Unaonaje?" akauliza.

"Huyu hauziki," nikamwambia. "Itabidi nikae naye."